Krapsi: kusoma bei ya kila dau kabla hujaweka chipu mezani

Mnunuzi wa mbuzi kwenye mnada wa Msalato, Dodoma, hutajiwa bei, akabishana nayo, ndipo akatoa hela. Kwenye meza ya krapsi, mchezo wa kasino wa dadu mbili, hakuna anayekutajia bei. Kila dau lina bei yake, ila imefichwa ndani ya malipo: kasino inakulipa pungufu kidogo kuliko dadu zinavyostahili, na hilo pungufu ndilo linalomlisha mwenye nyumba. Kwenye meza hiyohiyo kuna dau ambalo kwa kila shilingi 10,000 linakugharimu wastani wa shilingi 141, na sentimita chache pembeni yake kuna jingine linalokugharimu 1,667. Yote mawili yamechorwa kwa rangi nzuri kwenye kitambaa kimoja.

Meza hii si ya kila kasino, kwa hiyo msomaji wa Dodoma huenda akakutana nayo kwanza akiwa safarini, au kwenye simu. Kwa vyovyote vile, hesabu ni ileile.

Michanganyiko 36

Dadu mbili zenye pande 6 kila moja hutoa michanganyiko 36. Namba 7 hupatikana kwa njia 6. Namba 6 na 8 zina njia 5 kila moja, 5 na 9 njia 4, 4 na 10 njia 3, 3 na 11 njia 2, halafu 2 na 12 njia moja moja. Huhitaji kukariri: kuanzia 2 hadi 7 toa moja kwenye namba yenyewe (6 ina njia 5), na kuanzia 8 kwenda juu toa namba hiyo kwenye 13 (9 ina njia 4). Bei zote zilizoandikwa hapa zimetoka kwenye mstari huu mmoja wa namba.

Mchezo unavyokwenda

Mchezaji mmoja hurusha kwa niaba ya meza nzima. Mrusho wake wa kwanza ukitoa 7 au 11, walioweka pasi laini (dau la msingi, la kuwa upande wa mrushaji) wanalipwa sawa kwa sawa. Ukitoa 2, 3 au 12, wanaliwa. Namba nyingine yoyote (4, 5, 6, 8, 9 au 10) inakuwa pointi. Mhudumu anachukua kidude cha duara, anakigeuza upande mweupe na kukiweka juu ya namba hiyo. Toka hapo swali ni moja: itatangulia pointi au itatangulia 7? Pointi ikirudi, pasi laini inalipwa. Ikitangulia 7, pasi laini inaliwa na dadu zinahamia kwa mchezaji anayefuata.

Zingatia kwamba 7 ni rafiki kwenye mrusho wa kwanza na adui baada ya hapo. Wageni wengi hushangilia 7 kwa mazoea, kisha wanaona chipu zao (vidude vinavyowekwa mezani badala ya hela) zinakusanywa.

Bei ya pasi laini ni asilimia 1.41. Faida yako yote iko kwenye mrusho wa kwanza, ambapo njia 8 zinakulipa na njia 4 tu zinakula. Pointi ikishawekwa, wewe ndiye mnyonge: pointi ya 6 au 8 hushinda mara 5 kati ya 11, ya 5 au 9 mara 2 kati ya 5, ya 4 au 10 mara 1 kati ya 3. Ndiyo maana kasino hairuhusu uondoe dau la pasi laini baada ya pointi, lakini itakupokea kwa furaha ukichelewa na kuliweka wakati huo. Usichelewe. Ukikuta kidude kiko upande mweupe, subiri raundi ipite.

Odi: dau lisilo na bei

Wanaobeti mikeka ya mpira wasichanganyikiwe. Hapa odi si kiwango cha malipo, ni dau la nyongeza linalowekwa nyuma ya pasi laini yako baada ya pointi kupatikana. Halijachorewa kisanduku chochote kwenye kitambaa, na si bahati mbaya: hulipwa kwa kadiri kamili ya dadu, kasino haipati kitu hapo. Pointi ya 4 au 10 hulipa 2 kwa 1, ya 5 au 9 hulipa 3 kwa 2, ya 6 au 8 hulipa 6 kwa 5.

Tofauti nyingine na mkeka: kwenye mkeka odi ya 2.00 inajumuisha hela yako uliyoweka. Kwenye krapsi "2 kwa 1" ni faida peke yake, na dau lako linarudi juu yake, yaani ni sawa na 3.00 ya mkeka. Vivyo hivyo 3 kwa 2 ni 2.50, na 6 kwa 5 ni 2.20. Angalia maandishi ya meza kwa makini kwenye madau ya katikati. Baadhi ya meza huandika namba iliyojumuisha dau lako, na 31 ya namna hiyo ni 30 tu ya kawaida.

Kiasi cha odi unachoruhusiwa hutofautiana. Utaratibu unaoonekana sana ni mara 3 ya pasi laini kwa 4 na 10, mara 4 kwa 5 na 9, mara 5 kwa 6 na 8. Umepangwa kwa akili: ukiweka pasi laini 5,000 na odi kamili, pointi yoyote ikirudi unapata faida ileile ya 35,000, yaani 5,000 ya pasi laini na 30,000 ya odi. Mhudumu hapotezi muda kupiga hesabu.

Weka odi kwa vipande vinavyolipika. Kwa 5 na 9 weka kiasi kinachogawanyika kwa 2, mfano 10,000 ilipwe 15,000. Kwa 6 na 8 kigawanyike kwa 5: 10,000 ilipwe 12,000. Ukiweka kiasi kisichogawanyika, meza hukata masalia, na dau lililokuwa bure linaanza kuwa na bei.

Kosa linaloangamiza watu ni kusikia odi ni bure, kisha kuzipakia hadi mfuko unaisha ndani ya nusu saa. Odi hazipunguzi zile shilingi 141 za kila 10,000 ya pasi laini, na haziongezi. Zinaongeza mtikisiko tu. Kama una 100,000 ya kupoteza usiku huo, pasi laini ya 5,000 na odi ya 10,000 inatosha. Odi kamili ya 25,000 kwenye pointi ya 6, mara tatu mfululizo bila kupata, na 90,000 zimekwenda.

Donti pasi

Ni kinyume cha pasi laini. Mrusho wa kwanza: 7 na 11 zinakula, 2 na 3 zinalipa, 12 ni sare. Baada ya pointi unaombea 7. Bei yake ni asilimia 1.36, nafuu kwa nywele kuliko pasi laini. Hili dau unaruhusiwa kuliondoa baada ya pointi, na ndiyo sababu usiliondoe: wakati huo wewe ndiye mwenye nguvu. Ubaya wake ni wa kijamii zaidi, kwa sababu unashangilia pale meza nzima inapolia. Weka, nyamaza, chukua chako.

Kamu

Kamu ni pasi laini inayoweza kuanzishwa katikati ya raundi. Unaweka chipu kwenye kisanduku kikubwa cha kamu, na mrusho unaofuata unakuwa "wa kwanza" kwa dau hilo peke yake. Ikitoka 9, mhudumu anahamishia chipu zako kwenye 9, na unaweza kumpa odi kwa mdomo: "odi kwenye kamu yangu ya 9." Bei ni ileile, 1.41.

Jambo linalozua ugomvi: raundi mpya ikianza, odi za kamu kwa kawaida huwa zimelala. Ikitoka 7 kwenye mrusho huo, dau la kamu linaliwa ila odi zake zinarudishwa. Ikitoka namba yako, dau linalipwa sawa kwa sawa na odi zinarudi bila faida. Ukitaka zifanye kazi, sema kabla dadu hazijatoka mkononi.

Plesi, na kwa nini 10,000 ni kiasi kibaya

Plesi ni kuchagua namba mwenyewe na kuombea itangulie 7. Plesi ya 6 na 8 hulipa 7 kwa 6, bei asilimia 1.52. Ya 5 na 9 hulipa 7 kwa 5, bei asilimia 4. Ya 4 na 10 hulipa 9 kwa 5, bei asilimia 6.67. Umbali ni mkubwa, japo namba zote zimepangwa safu moja kwenye kitambaa kana kwamba ni ndugu.

Kwa 6 na 8 weka kiasi kinachogawanyika kwa 6: 6,000 inalipa 7,000, 12,000 inalipa 14,000. Ukiweka 10,000 kwa sababu ni noti moja, malipo halisi ni 11,666 na ushee, na meza yenye chipu ndogo ya 1,000 itakupa 11,000. Umejipandishia bei mwenyewe. Kwa namba nyingine nne weka kiasi kinachogawanyika kwa 5.

Plesi huzimwa kwenye mrusho wa kwanza wa raundi na unaweza kuziondoa wakati wowote. Na kama meza ina kona iliyoandikwa 6 na 8 kubwa zinazolipa sawa kwa sawa, ipite. Ni plesi ileile, kwa asilimia 9.09.

Fildi

Dau la mrusho mmoja. Unalipwa ikitoka 2, 3, 4, 9, 10, 11 au 12. Namba saba dhidi ya nne inaonekana kama zawadi, mpaka uhesabu njia: 16 za kulipwa, 20 za kuliwa, maana 5, 6, 7 na 8 ndizo zinazotoka sana. Meza inayolipa 2 na 12 mara mbili ina bei ya asilimia 5.56. Ikiwa mojawapo inalipa mara tatu, bei hushuka hadi 2.78. Soma kitambaa kabla ya kuweka.

Katikati ya meza

Hapa ndipo fundi wa fimbo, mhudumu anayesogeza dadu kwa fimbo, anapopiga kelele, na kelele zake zina sababu. Hadiwei ni 4, 6, 8 au 10 kutoka kwa dadu pacha, mfano 4 na 4, kabla ya 7 na kabla ya 8 ya namna nyingine. Hadiwei ya 8 ina njia 1 ya kushinda na 10 za kuliwa, lakini inalipa 9 kwa 1: asilimia 9.09. Ya 4 na 10 inalipa 7 kwa 1: asilimia 11.11. Dau la 3 peke yake, au la 11 peke yake, kwa mrusho mmoja, 15 kwa 1, nalo ni 11.11, sawa na lile la "krapsi yoyote" (itoke 2, 3 au 12) linalolipa 7 kwa 1. Dau la 2 peke yake, au la 12 peke yake, hulipa 30 kwa 1 wakati stahili yake ni 35: asilimia 13.89. La mwisho, "saba yoyote" (mrusho unaofuata utoe 7), hulipa 4 kwa 1 badala ya 5: asilimia 16.67.

Tuseme meza inarusha mara 100 kwa saa. Pasi laini huamuliwa takriban mara 30 katika mirusho hiyo, hivyo 5,000 kila raundi hugharimu wastani wa 2,100 hivi kwa saa. 5,000 kwenye saba yoyote kila mrusho hugharimu zaidi ya 83,000.

Hakuna mpangilio wa madau unaobadilisha hesabu hii, wala namba "iliyochelewa". Uwezekano wa 7 ni 1 kati ya 6 kila mrusho, hata kama imepita saa nzima bila kutoka. Mwaka 2009, kwenye kasino ya Borgata mjini Atlantic City, Patricia Demauro alitolewa na 7 kwenye mrusho wake wa 154. Hata mrusho huo wa 154 ulikuwa na 1 kati ya 6 kama wa kwanza.

Adabu za meza

Usimpe mhudumu hela mkononi. Ilaze mezani, dadu zikiwa katikati, useme unataka chipu (za kuchezea, si chipsi mayai). Dadu zikiwa kwa mrushaji, ondoa mikono. Ukirusha, tumia mkono mmoja na dadu zigonge ukuta wa mbali. Hapa nchini kasino husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi. Tovuti isiyoonyesha leseni, achana nayo.

Zoezi la nyumbani

Chukua dadu mbili za ludo na karanga 60, karanga moja ikiwa 1,000. Chora visanduku kwenye katoni: pasi laini, kamu, namba sita, fildi. Mmoja awe kasino. Chezeni mirusho 100 mkitumia pasi laini na odi tu, kisha rudieni kwa plesi ya 6 na 8. Kila malipo yatamkwe kwa sauti kabla karanga hazijasogea. Ukiweza kusema plesi ya 18,000 kwenye 8 inalipa 21,000, na odi ya 8,000 kwenye 9 inalipa 12,000, bila kushika kalamu, basi mwendo wa meza ya kweli hautakuacha nyuma. Dau ambalo bado unalihesabia vidole, usiliweke.