Kuzungumza kwa Macho Nyumbani
Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza jinsi elektrodi 256 zilizopandikizwa katika ubongo wa mtu aliyepooza zilivyonasa ishara za jaribio lake la kutamka, na kompyuta ikazigeuza kuwa maneno kwa usahihi wa takriban asilimia 97. Vifaa hivyo vingali vya majaribio. Kwa familia ya Dodoma inayomuuguza mzee aliyepoteza kauli lakini mwenye akili timamu, pa kuanzia ni karatasi ya manila.

Kwanza kubalianeni juu ya "ndiyo". Mwombe atazame juu anapokubali. Kupepesa macho sikupendekezi, kwa kuwa vumbi la kiangazi hapa kwetu humpepesesha yeyote bila kukusudia. Mjaribu kwa maswali ambayo majibu yake unayajua.

Kisha andika kwa kalamu nene herufi 24 katika mistari mitano, kila mmoja ukianza na irabu: A hadi D, E hadi H, I hadi N, O hadi T, U hadi Z. Tuseme anataka maji. Taja namba za mistari polepole. Kwenye wa tatu atatazama juu. Soma I, J, K, L, M, naye atatazama juu tena. Iandike M, kisha anza upya. Mkifika "maj" unaweza kukisia, ila muulize kwanza, kwani huenda alikuwa anataka majani ya chai. Akichoka, pumzikeni.