Kusimama mbele ya wakulima wa korosho

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, na akina dada huniuliza ujasiri nautoa wapi. Nautoa kwenye daftari. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/2008, mkulima hukabidhi korosho ghalani na kupewa stakabadhi, zinauzwa kwa mnada, kisha analipwa baada ya makato. Kwenye makato ndipo kelele huzuka. Basi usiku wa kuamkia mkutano andika bei ya daraja la kwanza na la pili, andika kila kinachokatwa na kinakokwenda, halafu yasome kwa sauti hapo jikoni mpaka ulimi uzoee.

Asubuhi wahi, wasalimie wazee mmoja mmoja. Yule unayemwogopa zaidi mfuate kabla ya kikao: "Babu, shikamoo. Leo una hoja gani?" Akishasikilizwa, mara nyingi hutulia.

Ukisimama, anza na hesabu. Usiombe radhi kwa kuwa mwanamke, tafadhali sana dada yangu! Usilolijua sema, "Jibu nitalileta Jumamosi," na Jumamosi ulilete, hata kama halitawafurahisha.