Rojo moja la mchele, sherehe ya asubuhi yoyote

Vitumbua tumevizoea mezani wakati wa futari au kwa mama anayeuza kando ya barabara. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye mchele, nazi na sukari hazivipiki kabisa siku za kawaida, na hiyo ni hasara kubwa. Kazi yenyewe ya mikono haizidi saa moja. Muda uliobaki ni wa mchele kulowa na rojo kuumuka, nawe wakati huo umelala au unaendelea na shughuli zako. Ukiroweka mchele usiku, wakati unaosha vyombo vya chakula cha jioni, Jumatano isiyo na mgeni wala sikukuu itaamka na harufu ya iliki.

Jambo la kujifunza hapa ni rojo. Likikutii, utapika vitumbua, mkate wa kumimina, vibibi (chapati laini za mchele), na vitafunwa vya chumvi ambavyo hujawahi kuviona kwenye meza ya mtu mwingine.

Vipimo

Kwa vitumbua 25 hadi 30 vya ukubwa wa kawaida: mchele gramu 500 (vikombe viwili na nusu vya mililita 250), tui zito mililita 300, sukari gramu 150, wali mweupe uliopoa vijiko vinne vya kulia, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, iliki punje nane, na chumvi robo kijiko cha chai. Weka kando mililita 50 nyingine za tui, huenda ukazihitaji. Mafuta ya kupikia andaa kama kikombe kimoja, ingawa hayataisha yote.

Mchele wowote mweupe wa nyumbani unafaa. Wenye harufu, kama wa Kyela au pishori ya Mwea, huongeza utamu bila gharama nyingine. Chenga za mchele nazo zinafaa sana, maana hulowa upesi na bei yake ni nafuu. Basmati hukubali, ila vitumbua vyake hukauka na kukakamaa mapema vikipoa, kwa hiyo vipike uvile vya moto.

Usiupuuze ule wali uliopikwa. Mchele hauna ule mvutano wa ngano unaonasa hewa ya hamira. Kinachoshika mapovu kwenye rojo la mchele ni uzito wake tu, na wanga wa wali uliokwisha kuiva ndio unaoleta uzito huo. Kuna wanaotumia vijiko viwili vya unga wa ngano badala yake. Hapo pia rojo litashika, lakini ukizidisha, kitumbua huwa cha kuvutika mdomoni na ladha ya mchele hupotea.

Kuroweka na kusaga

Osha mchele mpaka maji yawe karibu maangavu, kisha uroweke kwa saa sita hadi nane. Kwenye joto la pwani badilisha maji mara moja, la sivyo utaamka na mchele wenye harufu ya uchachu. Punje iliyolowa vizuri huvunjika ukiibana kwa kucha. Isipovunjika, blenda itakuachia chengachenga, nawe utazisikia kwenye meno hata kitumbua kikiiva namna gani.

Mwaga maji yote na uache mchele kwenye chujio dakika kumi. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo chanzo kikubwa cha rojo jepesi: maji yaliyojificha kati ya punje huingia kwenye blenda bila kuhesabiwa.

Tui la nazi moja kubwa iliyokomaa, iliyokunwa na kukamuliwa kwa maji ya uvuguvugu kikombe kimoja, linatosha kwa kipimo hiki. Tui la kopo linafaa. Litikise kwanza ili mafuta yaliyoganda juu yachanganyike. Liwe la uvuguvugu wa mkono. Tui la moto linaua hamira, na la kutoka kwenye friji linailaza usingizi.

Saga kwa mafungu mawili: mchele, wali, iliki na tui, dakika tatu hadi nne kila fungu, ukiipumzisha blenda katikati. Chukua tone ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mchanga, rudisha. Blenda nyingi za nyumbani hupata joto na kulipasha rojo, ndiyo maana hamira haingii humo. Mimina rojo kwenye bakuli kubwa, lipoe, halafu tia sukari, chumvi na hamira, na ukoroge dakika mbili.

Hapa usiwe na haraka ya kuongeza tui. Sukari ikiyeyuka hulegeza rojo, na lile lililoonekana zito mno dakika tano zilizopita huwa sawa. Inua upawa juu ya bakuli: rojo litiririke bila kukatika, na mstari wake ubaki juu ya uso kwa sekunde mbili au tatu kabla ya kuzama. Ukizama papo hapo, ongeza kijiko kimoja au viwili vya wali uliosagwa. Rojo likidondoka kwa mabonge, tumia lile tui la akiba, kijiko kwa kijiko.

Asiye na blenda anaweza kutumia unga wa mchele wa mashine. Chukua gramu 400 za unga, upike vijiko viwili vya unga huo kwa maji mililita 150 mpaka upate uji mzito, upoe, kisha changanya na unga uliobaki na tui kidogo kidogo hadi ufikie uzito ule wa upawani. Uache saa nzima ndipo utie hamira, kwa sababu unga mkavu hunywa polepole.

Kuumuka

Funika kwa kitambaa. Dar es Salaam au Mombasa huchukua dakika 45 hadi saa moja. Arusha, Nairobi na kwingine kwenye baridi ni saa moja na nusu hadi mbili. Aliyeko Ulaya wakati wa baridi aliweke bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwa imewashwa. Angalia rojo lenyewe kuliko saa: liwe limepanda karibu nusu ya kimo chake, uso umejaa vitundu vidogo, na ukitikisa bakuli linatetemeka. Likishuka katikati na kutoa harufu ya pombe, limepitiliza. Hapo lipike mara moja kama vibibi, maana vitumbua vyake havitajaa.

Kwa siku za shule na kazi, saga jioni, punguza hamira iwe nusu kijiko, acha nje dakika ishirini, kisha liweke kwenye friji likiwa limefunikwa. Alfajiri litoe dakika arobaini kabla ya kupika. Kuliacha usiku kucha mezani kwenye joto si salama, maana tui huharibika upesi.

Chuma na moto

Chuma cha vitumbua kipya kioshe, kikaushe, kipashe moto, ukipake mafuta na kukiacha kifuke kidogo. Rudia mara tatu. Baada ya hapo usikisugue tena kwa steliwaya na sabuni kali. Kifute tu kikiwa na uvuguvugu. Walio mbali na masoko ya nyumbani watafute kikaango cha æbleskiver cha Denmark, au kile cha paniyaram kwenye maduka ya Wahindi wa kusini. Vishimo vyake vinafanana na vyetu na kazi ni ileile.

Moto uwe wa kati. Kwenye mkaa, sambaza makaa sawasawa na usubiri yaanze kuvaa majivu, kwani makaa yaliyorundikana katikati huunguza kishimo cha kati huku vya pembeni vikibaki vibichi. Tia mafuta kijiko kimoja cha chai katika kila kishimo na usubiri yapate moto. Dondosha tone la rojo: likichemka taratibu pembeni, anza. Likilala kimya, mafuta bado, na kitumbua kitayanywa. Likigeuka kahawia papo hapo, punguza moto.

Pitisha upawa mara moja kutoka chini ya bakuli, bila kupiga, kwa kuwa mchele huzama. Jaza robo tatu ya kishimo. Sasa acha mkono. Kingo zitajishika kwanza, kisha zitapata rangi ya dhahabu. Vitundu vitapasuka katikati na visizibike tena, huku uso ukibaki na unyevu kidogo tu. Hizo ni kama dakika mbili na nusu. Dondosha mafuta nusu kijiko kuzunguka kila ukingo, pitisha kijiti cha mshikaki pembeni, kizungushe kitumbua robo duara, na kama kinateleza chenyewe kigeuze. Kisipoteleza, usikivute. Kipe nusu dakika nyingine. Upande wa pili huchukua dakika mbili. Kijiti kikiingizwa katikati kitoke kikavu.

Kile cha kwanza kiwe cha majaribio. Kikate katikati kabla ya kuendelea, na rekebisha moto, uzito au sukari kwa ulichokiona ndani.

Vikitoka, visimamishe kwa ukingo kwenye chujio. Ukivirundika vingali vya moto au kuvifunika, mvuke wake huvilainisha, na ukingo ule mkavu ulioufanyia kazi unapotea.

Makosa yanayojirudia

Kahawia nje, kibichi ndani: moto mkali, au sukari imezidi. Ukifika gramu 200 kwa kipimo hiki, sukari itaungua kabla ya mchele kuiva, na hamira nayo itafanya kazi kwa kujikongoja.

Bapa, bila vitundu: rojo jepesi, au hamira imekufa. Ukiwa na shaka, jaribu hamira kwanza kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Dakika kumi bila povu, itupe.

Kigumu, kizito: rojo lilikuwa zito mno au halikuumuka vya kutosha.

Kinaganda chini: mara nyingi ni sukari iliyoungua kutoka kwenye mkupuo uliopita. Funga kitambaa safi kwenye mwiko, kichovye mafuta na kupangusa vishimo kila baada ya mikupuo miwili.

Kubuni juu ya rojo hilohilo

Uzito wa rojo, kiasi cha hamira na moto usivichezee. Vilivyobaki vyote ni uwanja wako. Badilisha iliki kwa mdalasini au kungumanga iliyokunwa. Tia maganda ya limau yaliyokwaruzwa, bila maji yake, kwani hukata tui. Ndizi mbivu moja iliyopondwa huingia vizuri ukipunguza sukari gramu 50, ila moto uwe mdogo zaidi kwa sababu ndizi huwahi kushika rangi.

Cha chumvi ndicho tunachokipendekeza kwa jioni. Sukari iwe kijiko kimoja tu cha kulia, kwa ajili ya hamira. Toa iliki. Tia kitunguu kilichokatwa vidogo sana, dania, pilipili mbichi na chumvi kijiko kimoja cha chai. Ukitaka cha nyama, pika kima kwa tangawizi, thomu na bizari hadi kikauke kabisa, kipoe, kisha jaza kishimo nusu, weka kijiko cha chai cha kima, na ukifunike kwa rojo. Kima chenye mchuzi hupasua kitumbua kinapogeuzwa. Watoto wape kazi ya kuchota kijiko hicho cha kima kwenye bakuli dogo la pembeni, mbali na chuma, halafu wewe ukimimine kishimoni. Kila mmoja atakitambua chake.

Mkate wa kumimina hutaka ute wa yai moja uliopigwa hadi uwe povu, uchanganywe taratibu kwenye rojo lililokwisha kuumuka. Paka samli sufuria ya upana wa sentimita 20 hadi 22, ipashe moto mdogo mpaka rojo litoe sauti linapomiminwa, funika dakika nane, kisha malizia kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 25 hadi 30, au weka makaa juu ya mfuniko na upunguze ya chini. Kipimo chetu kizima ni kingi kwa sufuria hiyo. Tumia nusu, na nusu nyingine ipike vitumbua. Zabibu kavu zipange juu baada ya dakika kumi, uso ukishaanza kushika. Ukizitia mapema zote zitazama. Subiri mkate upoe ndipo uukate, vinginevyo kisu kitaukamua.

Vibibi ni rahisi kuliko vyote: legeza rojo kwa tui kidogo, mimina upawa mmoja kwenye kikaango kidogo kilichopakwa mafuta, funika dakika moja na nusu kwa moto mdogo, geuza. Chemsha tui zito na sukari na iliki, bila kuacha kukoroga, ulimwagie juu.

Toa zile sahani za wageni kabatini. Vitumbua vitamu vinaenda na chai ya rangi yenye mchaichai au tangawizi, ya sukari kidogo; vya chumvi vipe mbaazi wa nazi. Vikipoa tu, vifunike kwa kawa, kile kifuniko cha kusukwa kinachopitisha hewa. Vilivyolala virudishe kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo, dakika mbili kila upande, na mfuniko uutoe nusu dakika ya mwisho ili ukingo ukauke tena.