Chetezo Kwanza: Kufinyanga Nyumbani Tanga na Kuuza Mtaani

Kila anayeniuliza aanzie wapi kufinyanga humwambia aanze na chetezo. Mtungi usubiri, chungu cha wali kisubiri, na vile vikombe vyenye vishikio vinavyopendeza kwenye picha visubiri zaidi. Chetezo ni chombo kidogo, hakihitaji kushika maji, kinakauka upesi, na hapa Tanga kina kazi mwaka mzima: ubani wa usiku wa Ijumaa, udi wa bibi harusi, kufukizia nguo za mzazi na mtoto. Mimi ni karani wa ofisi Jumatatu mpaka Ijumaa. Udongo ni kazi yangu ya Jumamosi na Jumapili, uani kwangu Makorora, na chetezo ndicho kinachonirudishia fedha ya kuni.

Udongo

Tanga imekaa juu ya chokaa. Mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa matupu, na kiwanda cha saruji kipo Pongwe kwa sababu hiyo hiyo. Jiwe linalotupa saruji ndilo adui wa mfinyanzi. Punje ya chokaa au kipande cha gamba la kombe kikijificha ndani ya udongo, moto mkali unakigeuza kuwa chokaa isiyozimwa. Chombo kinatoka kizima, unakiweka sebuleni, kisha baada ya siku kadhaa ile punje inanyonya unyevu wa hewa, inavimba na kubandua kipande cha ukuta. Kinabaki kishimo chenye kidoa cheupe katikati. Kwa hewa yetu ya pwani jambo hili halichelewi.

Kwa hiyo kabla ya kubeba hata ndoo moja, chukua konzi ya udongo mkavu, uponde, udondoshee siki. Ukitoa povu, uache hapo hapo ulipo. Ukitulia, ulowanishe kidogo, ufikiche mpaka uwe uzi mnene kama kalamu, uzungushe kwenye kidole. Udongo mzuri unazunguka bila kupasuka. Ukipasuka kidogo unaweza kusaidiwa; ukikatika vipande una mchanga mwingi, tafuta kwingine.

Mimi nachimba shambani kwa mjomba wangu, Muheza, mbali na bahari, chini ya ule udongo mweusi wa juu wenye mizizi. Udongo wa kichuguu pia ni mzuri, mchwa wameshauchambua. Omba ruhusa ya mwenye shamba, na usichimbe kingo za mto hata kama udongo wake unakuvutia: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na shimo la mfinyanzi kwenye ukingo ndilo linaloanzisha mmomonyoko.

Nyumbani uanike mpaka ukauke kabisa, ndipo uuloweke. Udongo mkavu unayeyuka wenyewe ndani ya maji, ule mbichi unabaki mabonge. Ukishalainika ukoroge, uchuje kwa chekeche, uache utuame usiku mzima, mwaga maji ya juu, kisha uuning'inize kwenye kitambaa cha pamba mpaka ushikike. Fanya kazi hii nje na udongo ukiwa majimaji. Vumbi la udongo lina silika, na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe ikiwa kavu, na wala usipige msasa chombo kikavu ndani ya nyumba penye watoto.

Kisha tia vigae. Chukua vipande vya vyungu vilivyovunjika, vitwange kwenye kinu cha zamani, chekecha, changanya kiasi cha sehemu moja ya vigae kwa sehemu nne za udongo. Vigae vimeshachomwa, havisinyai tena, kwa hiyo vinazuia chombo kisijipasue kikikauka na vinaupa mvuke njia ya kutoka kikiwa motoni. Chetezo kinapokea kaa la moto likiwa jekundu. Bila vigae vya kutosha kitapasuka siku ya kwanza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hatupi kigae hata kimoja, na nyuma ya jiko lake palikuwa na fungu linalongoja kinu.

Ukande vizuri, kwa nguvu, kisha ukate bonge kwa uzi wa mshipi utazame ndani. Ukiona vitundu vya hewa, kanda tena.

Kuumba

Gurudumu huhitaji. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema, wanaumba vyungu vya mviringo safi kwa mikono yao, na vyungu hivyo vinauzwa mbali sana na ziwa. Unachohitaji ni kibao, bakuli la maji, kipande cha kifuu cha nazi cha kukwangulia na kitambaa chenye maji cha kulainishia mdomo.

Chetezo kina sehemu mbili: bakuli la juu na mguu. Bakuli unaliumba kwa bonge moja linalojaa kiganja, unatia kidole gumba katikati na kulibana huku unalizungusha, mpaka ukuta uwe na unene wa kidole chembamba. Mguu unauumba kwa kamba za udongo zilizopandishwa moja juu ya nyingine, uwe wazi ndani. Usiufanye mfupi. Mguu mfupi unapeleka joto kwenye mkeka au zulia, na mama aliyeunguza zulia lake hatanunua tena, wala jirani yake. Viache vyote viwili vishike kidogo, chanja sehemu za kuungia kwa uma, paka uji wa udongo ule ule, kisha bana na uzungushie kamba nyembamba ya udongo kwenye kiungo. Toboa matundu kwenye ukuta wa bakuli wakati huo, udongo ukiwa na ubaridi wa unyevu. Ukingoja ukauke utaupasua; udongo uwahi ungali maji.

Kusugua ndiko kunakotofautisha kazi ya mtu na mtu. Chombo kikiwa kimekauka nusu, chukua komwe, ile ya kuchezea bao, au kokoto laini ya mtoni, usugue polepole kwa mwelekeo mmoja mpaka kianze kung'aa. Ni kazi ya kukaa kibarazani jioni nzima na redio. Rangi ya dukani siitumii kwenye chetezo kwa sababu kaa la moto linaifanya inuke, na mtu amekuja kutafuta harufu ya udi.

Kausha kivulini, mdomo chini, mbali na upepo, juma moja kwa kipindi cha jua na zaidi ya hapo hewa ikiwa nzito. Chombo kikiwa bado na maji ndani utakisikia baridi ukikigusisha shavuni. Kisiende motoni.

Pima pia udongo wako unasinyaa kiasi gani. Tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10, kikaushe na kukichoma, upime tena. Ukipata 9, ujue kila oda ya chungu cha upana wa sentimita 27 lazima ukiumbe kwa 30. Na kifuniko kiumbwe siku moja na chungu chake, kwa udongo ule ule.

Kuchoma

Miezi yangu ni Januari na Februari, kisha Julai mpaka Septemba. Wakati wa masika sichomi, na simuahidi mtu. Upepo wa baharini huwa mkali mchana, kwa hiyo anza alfajiri, na wajulishe majirani mapema. Mwenye nguo kwenye kamba ana haki yake.

Vyombo vingi vinavyokufa vinakufa mwanzoni, maji yaliyobaki ndani ya ukuta yanapogeuka mvuke kwa ghafla. Kwa hiyo vianze na moto mdogo wa pembeni. Vipange kuuzunguka, vigeuze kila upande kwa muda wa saa mbili au tatu, mpaka visishikike kwa mkono mtupu. Hapo ndipo unapotandika kuni nyembamba na vifuu vya nazi, unavilaza vyombo juu yake vikigusana kidogo, unaviziba kwa vigae vikubwa ili upepo usivipige, halafu unafunika kwa makumbi, makuti na nyasi. Vifuu vinatoa moto mkali na vinapatikana bure kwa wakuna nazi ukijua kuomba. Ongeza kidogo kidogo. Vyombo vikionekana vyekundu ndani ya makaa, wekundu uliofifia, umefika takribani nyuzi joto 700, na udongo umeshageuka: hauwezi tena kuyeyuka ndani ya maji.

Sasa jizuie. Usifukue. Acha majivu yafunike mpaka kesho yake asubuhi, kwa kuwa upepo wa baridi ukigusa chombo cha moto utasikia mlio. Chombo kilichopoa kigonge kwa kucha. Kikilia kwa sauti ya wazi ni kizima. Kikitoa sauti ya kufa kina ufa hata kama huuoni, kipeleke kwenye kinu. Mawaa meusi ya moshi si kasoro. Wengi wanayapenda, nami nawaambia wateja kwamba hakuna vyombo viwili vitakavyotoka na waa moja.

Vyungu na mengineyo

Baada ya miezi ya vyetezo, nenda kwenye chungu. Kitako kiwe cha mviringo bila kona, kwa sababu kona ndiyo inayopasuka jikoni. Chungu kipya kizibwe kabla ya kuuzwa: chemsha ndani yake maji ya mchele au uji mwepesi kwa moto wa polepole, kipoe humo humo. Wanga unaziba vitundu. Mwambie mnunuzi asikiweke kitupu kwenye moto, asitie maji baridi kikiwa cha moto, asikisugue kwa sabuni kwa sababu kitainywa. Kwa samaki wa nazi au kunde hakuna sufuria inayokifikia, na hilo hulazimiki kulisema kwa mtu wa Tanga.

Vikombe na sahani sitengenezi. Moto wa uani hauyeyushi ule unga unaopakwa chombo ili kipate ngozi ya kioo, unaohitaji tanuri la nyuzi 1,000 hivi na zaidi, na unga wa kung'arisha usiojulikana ulikotoka unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwenye chakula. Usimpe mtu chai ndani ya kitu usichojua kimepakwa nini. Chombo cha maua nakitengeneza, ila namwambia mteja atie glasi au chupa ndani, maana udongo usiozibwa unatoa jasho na utaharibu meza yake.

Bei na wanunuzi

Gawanya gharama kwa vyombo vilivyotoka vizima, usigawanye kwa vilivyoingia. Tuseme udongo na usafiri ni Sh 6,000, kuni na mengine Sh 10,000. Umeingiza vyombo 20, vimetoka 16. Kila kimoja kimekula Sh 1,000 kabla ya jasho lako. Kama chetezo kimekuchukua saa moja na nusu kwa jumla, na saa yako umeihesabu Sh 2,000, ongeza Sh 3,000. Chini ya Sh 4,000 unamlipa mnunuzi achukue mali. Mimi ningekiuza 5,000, ili pawe na nafasi ya kupunguza, kwa sababu watu wetu hawanunui bila kuomba kupunguziwa, na kumnyima kabisa ni kumfukuza.

Anza na walio karibu. Weka vitatu au vinne kwenye duka la muuza udi na ubani kwa mali kauli, mwandikiane kwenye daftari idadi na bei yako, upite kila Jumamosi kukusanya. Kina mama wa vikoba na madrasa wananunua kwa kuonana. Wauza miche ya maua wanataka vyungu vyenye tundu chini, na hao hawajali mng'aro, kwa hiyo usipoteze jioni yako na komwe. Picha kwenye WhatsApp ipigwe na mkono wa mtu ndani yake ili ukubwa uonekane, na uweke picha ya chombo kile kile unachouza.

Kila chetezo nakikabidhi na maneno mawili: tia mchanga au majivu kidogo chini kabla ya kaa, na usikimwagie maji kuzima. Kikipasuka ndani ya mwezi wa kwanza kwa matumizi hayo, nakibadilisha bila maneno, na ninachukua kile kilichopasuka ili nitazame kimepasukia wapi. Kama ni kwenye kiungo, najua nilikimbiza kukausha. Kama ni bakuli, vigae vilikuwa haba.

Oda za harusi ndizo zenye fedha, na ndizo zinazomgombanisha mfinyanzi na mtaa. Mtu anataka vyetezo 40 vya zawadi, vyote sawa. Chukua nusu ya fedha mbele, umba kumi zaidi ya idadi, na mwonyeshe viwili vilivyochomwa ili aone mawaa kabla hajalipa. Hesabu majuma manne kwa kipindi cha jua: moja la kuandaa udongo, moja la kuumba na kusugua, moja la kukausha, moja la kuchoma na kurudia vilivyoharibika. Akija Aprili anataka kwa Mei, mwambie hapana, na umwelekeze kwa mwenye tanuri la kuezekwa.