Namna ya Kujiandaa na Usaili wa Maandishi wa Kemia kwa Kazi za Serikali

Mtu aliyeitwa kwenye usaili wa maandishi wa kazi ya ukemia katika taasisi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mara nyingi hukimbilia madaftari yake ya chuo, akaanza ukurasa wa kwanza kwa muundo wa atomu, akitaraji kuyamaliza yote kabla ya siku yenyewe. Hayamalizi, na hata angeyamaliza asingekuwa amejiandaa na usaili huu, kwa sababu waliotangaza nafasi hawatafuti mtu aliyehifadhi kemia yote bali wanatafuta mtu watakayemkabidhi sampuli kesho asubuhi. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha kusoma ni tangazo la kazi lenyewe.

Chukua sehemu ya majukumu, iandike upya kwa mkono, na chini ya kila jukumu andika mada za kemia zinazoligusa. Palipoandikwa kuchukua na kuchambua sampuli, mada zake ni ukolezi (kiasi cha kitu kilichoyeyuka katika ujazo fulani), titresheni (kupima kitu kwa kukitilia kidogo kidogo myeyusho wa ukolezi unaojulikana mpaka kiishe), makosa ya upimaji na utunzaji wa sampuli. Palipoandikwa kusimamia kemikali, mada ni asidi na besi, vioksidishaji (kemikali zinazochochea moto), kemikali zisizowekwa pamoja na hatua za kuchukua zinapomwagika. Baada ya hapo tazama taasisi. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina mambo yake, yakiwamo sumu, dawa za kulevya na vinasaba. Mamlaka ya Maji ina yake. Na wanaosimamia chakula, dawa na viwango nao wana yao. Anayeomba Mamlaka ya Maji akatumia wiki nzima kwenye kemia ya polima amejipa kazi ambayo hakuitiwa.

Kwa maoni yangu, nusu ya muda wa maandalizi iende kwenye hesabu za ukolezi, na hili nalisema kwa uchungu, maana usaili wangu wa mwanzo niliuharibu hapo hapo. Chukua mfano wa maji ya kisima kilicho karibu na pwani, ambayo yanashukiwa kuingiliwa na maji ya bahari, na swali linataka kiasi cha kloridi, sehemu ya chumvi, kwa lita. Mililita 50.0 za sampuli zimetitirishwa kwa nitrati ya fedha yenye ukolezi wa moli (kipimo cha idadi ya chembe) 0.0200 kwa lita, kiashiria, yaani kinachobadili rangi kazi ikiisha, kikiwa kromati ya potasiamu, na baada ya kutoa kiasi kinachotumika kwa maji safi peke yake zimetumika mililita 14.1. Moli za nitrati ya fedha ni 0.0200 × 0.0141, yaani 0.000282. Kwa kuwa ioni moja ya fedha hushika ioni moja ya kloridi, moli za kloridi ni hizo hizo, na ukizizidisha kwa 35.45, uzito wa moli moja ya kloridi kwa gramu, unapata gramu 0.0100, yaani miligramu 10.0. Mimi niliishia hapo, nikapiga mstari chini ya jibu na kugeuza ukurasa. Lakini miligramu 10.0 ni za mililita 50 tu. Swali liliuliza kiasi kwa lita, na jibu ni miligramu 200.

Mfano huo una maswali mengine ndani yake, na mtahini makini huyatoa yote. Rangi ya njano ya kiashiria hugeuka kuwa nyekundu ya udongo kwa sababu kloridi ikishakwisha, fedha inayozidi huungana na kromati. Kwa nini pH, yaani kipimo cha uasidi, iwe takriban kati ya 7 na 10? Ikishuka mno kromati hugeuka dikromati na kiashiria hakifanyi kazi vizuri, na ikipanda mno fedha yenyewe huanguka chini kama oksidi. Matokeo ya miligramu 200 kwa lita yana maana gani kwa wanaoyanywa maji hayo? Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ladha ya chumvi huanza kuonekana kloridi ikizidi takriban miligramu 250 kwa lita, kwa hiyo kisima hiki kimekaribia ila bado. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomtofautisha mkemia na kikokotoo.

Katika viwango hivyo upo mtego mmoja. Mwongozo wa Shirika hilo kwa nitrati ni miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa nitrati yenyewe, lakini ikihesabiwa naitrojeni iliyomo tu, kiwango hicho hicho husomeka takriban 11. Ukiletewa matokeo ya 15, uliza kwanza ni 15 ya nini, kwani katika hesabu moja maji ni salama na katika nyingine yamepita kiwango.

Nadharia ni nyepesi kukaa kichwani ukiifunga kwenye vitu unavyoviona. Utando mweupe ndani ya birika la nyumbani Unguja ni kabonati ya kalsiamu: maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa yalibeba bikabonati ya kalsiamu, na moto umeivunja. Mawe hayo hayo yakichomwa kwenye tanuu hutoa dioksidi ya kaboni, na kilo 100 za kabonati safi huacha kilo 56 za chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka na kuwa haidroksidi, kisha ukutani inarudisha ile dioksidi kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Hapo umedurusu ugumu wa maji, hesabu za uzito na mimenyuko inayotoa joto bila kufungua daftari.

Walioko Pemba wana mfano ulio bora zaidi, nao ni makonyo ya karafuu yanayokenekwa mafuta kule Wawi. Yujinoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, huchemka karibu nyuzi 254 za Selsiasi, lakini ikipitishiwa mvuke hutoka chini ya nyuzi 100, kwa sababu shinikizo la mvuke wake hujumlishwa na lile la maji na mchanganyiko huchemka jumla hiyo ikifikia shinikizo la hewa. Ongeza kwamba yujinoli ni fenoli, aina ya kemikali yenye uasidi hafifu, hivyo huingia kwenye haidroksidi ya sodiamu na kurudi ukiitia asidi, na umepata jibu la insha nzima kuhusu kutenganisha michanganyiko.

Kuhusu vifaa vya kisasa, yaani spektrofotomita (hupima mwanga unaofyonzwa na sampuli) na kromatografia (hutenganisha vilivyomo kwenye mchanganyiko), kinachotosha ni kueleza kanuni ya kila kimoja kwa sentensi tatu na kuchora mstari wa ulinganisho unaosomea ukolezi. Kemia ya kikaboni ipitie kwa vikundi tendaji, yaani sehemu za molekuli zinazoamua tabia yake, na usiingie ndani zaidi isipokuwa majukumu yanadai.

Lugha nayo huwaangusha watu. Kemia tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu sekondari, ila fikra zetu ziko kwa Kiswahili, na kalamu hukwama katikati. Jizoeze kila mada mara mbili: kwanza mweleze ndugu yako asiyejua kemia, kwa Kiswahili, mpaka akuelewe, kisha iandike kwa lugha ya mtihani katika mistari minane. Karatasi za zamani za kidato cha sita za Baraza la Mitihani la Tanzania zinafaa sana kwa mazoezi, ilimradi uzifanye kwa saa, kalamu mkononi na simu chumba kingine. Kusoma jibu la mwenzio na kutikisa kichwa kwamba unalijua si mazoezi.

Anayetoka Pemba akapangiwa ukumbi wa Unguja avuke angalau siku moja kabla, kwa kuwa bahari haina miadi na mtu. Beba kitambulisho na vyeti kama tangazo lilivyoagiza, na kikokotoo kile kile ulichofanyia mazoezi kama kinaruhusiwa. Ndani ya ukumbi soma maswali yote kwanza, anza na hesabu unayoiweza, na uache dakika kumi za mwisho kwa kazi moja tu: kurudi kwenye kila jibu lenye namba na kuangalia kama swali liliuliza kwa sampuli au kwa lita.