Somo: Kukusanya machapisho ya mtafiti wa ubongo bila kuchanganya majina

Orodha ya machapisho huharibikia kwenye jina. Mtu huandika jina la ukoo PubMed (hifadhidata ya makala za tiba na biolojia) na kuzoa kila kilichotoka. Kwa mazoezi, mchukue Brenda Milner wa McGill, Montreal, aliyechunguza kumbukumbu za H.M., mgonjwa aliyeshindwa kuweka kumbukumbu mpya baada ya upasuaji wa ubongo. Mumewe, Peter Milner, alikuwa McGill hapohapo, na mwaka 1954 alichapisha na James Olds kazi ya kuchochea ubongo wa panya kwa umeme. Tena yupo David Milner wa Uingereza, aliyeandika na Goodale mwaka 1992 kuhusu njia mbili za kuona. Wote ni wa fani ileile, kwa hiyo mada pekee haikuokoi.

Hatua ya 1. Fungua lahajedwali: mwaka, waandishi wote kwa mpangilio wao, jarida, juzuu, kurasa, DOI (namba ya kudumu ya chapisho mtandaoni), PMID (namba ya rekodi ndani ya PubMed), aina ya chapisho. Safuwima ya mwisho iite "ushahidi", uandike humo kwa nini unaamini ni yeye. Hiyo usiiruke hata kwa makala moja.

Hatua ya 2. PubMed andika "Milner B"[au], yaani tafuta kwenye sehemu ya mwandishi, pamoja na alama za kunukuu. Ukiziacha, utaletewa kila Milner ambaye herufi zake zinaanza na B. Usikimbilie kuongeza McGill[ad], yaani kichujio cha anwani ya taasisi. Rekodi za kabla ya 1988 kwa kawaida hazina anwani, na kwa miaka mingi baadaye iliwekwa ya mwandishi wa kwanza tu, hivyo kichujio hicho kitakufutia kazi zake kubwa kuliko zote. Bana kwa miaka: AND 1950:1987[dp] (tarehe ya kuchapishwa), kisha pitia kwa macho.

Hatua ya 3. Fungua ukurasa wa kwanza wa kila makala, utazame taasisi na waandishi wenza. Ile ya Scoville na Milner, 1957, imo katika Journal of Neurology, Neurosurgery and Psychiatry, juzuu 20, kurasa 11–21. Scoville ndiye aliyempasua H.M. mwaka 1953 kutibu kifafa chake. Makala hiyohiyo ilichapwa upya mwaka 2000 katika jarida jingine, ikapata rekodi yake. Hesabu moja, ya 1957, na ya pili iandike kama marudio.

Hatua ya 4. Tafuta sura za vitabu nje ya PubMed: WorldCat (katalogi ya maktaba za dunia), Google Scholar, orodha za marejeo za wenzake. Jaribio la H.M. kuchora nyota akitazama kwenye kioo, ambapo mkono uliboreka siku hadi siku ilhali yeye hakumbuki kuwahi kulifanya, limo katika sura ya Kifaransa ya 1962, kwenye kitabu cha CNRS (kituo cha taifa cha utafiti cha Ufaransa), Paris. Anayeishia PubMed anaikosa, na hilo ni pengo kubwa mno kwenye wasifu wake.

Hatua ya 5. Jarida liandike kwa jina la wakati ule. Utafiti wake wa kupanga kadi, 1963, ulitoka Archives of Neurology, ambalo leo ni JAMA Neurology.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mtafiti wangu ana ORCID (namba ya kumtambulisha mtafiti). Si inatosha, mwalimu?
Jibu: Anza nayo, lakini haitoshi. Huduma ilianza 2012 na mwenye namba ndiye anayeisimamia, na wengi huacha kazi za zamani. Angalia chanzo cha kila kipengele: kilichoingia kupitia Crossref (shirika linalosajili DOI za machapisho) kina uzito kuliko kilichoandikwa kwa mkono.

Swali: Google Scholar inanipa h (idadi ya makala zilizonukuliwa angalau mara hiyohiyo kila moja) kubwa kuliko Scopus, hifadhidata nyingine ya makala. Niandike ipi?
Jibu: Yoyote, mradi utaje chanzo na tarehe. Scholar huhesabu pia tasnifu, vitabu na nakala za awali, na wakati mwingine humpa mtu makala za jina-mwenzake. Safisha kwanza.

Swali: Nakala ya bioRxiv (tovuti ya nakala za awali, kabla ya mapitio ya jarida) na makala ya jarida ni mistari miwili?
Jibu: Mmoja, ndugu. Kichwa mara nyingi hubadilika baada ya mapitio, hivyo kuchuja marudio kwa kichwa hakutoshi. Linganisha waandishi na muhtasari.

Swali: Shikamoo. Profesa ametajwa kwenye jaribio kubwa la kiharusi lakini hayumo kwenye mstari wa waandishi.
Jibu: Marahaba. Huyo ni mshiriki wa kundi la utafiti. Mtafute PubMed kwa [ir], sehemu ya wachunguzi, badala ya [au], umwekee sehemu yake pembeni. Usimhesabie uandishi.