Umevuka 45 na bado unataka pikipiki ya spoti? Soma hapa

Kwanza usirukie cc 1000 (ukubwa wa injini) eti kwa sababu sasa hela ipo. Anza na 300 au 400, yenye ABS (breki zinazozuia tairi kukwama) ukiipata, kaa nayo mpaka mwili uzoee, hasa kama mara ya mwisho kuendesha ulikuwa bado kijana.

Kinachotutesa wazee ni mkao. Handeli iko chini, pa kukanyagia pako juu tena nyuma, uzito wote unaenda viganjani, yani kutoka Arusha ukifika Usa River mikono ishakufa ganzi na kiuno kinalia. Bana tenki kwa mapaja, kaza tumbo, handeli ishike kama umeshika kifaranga. Bado inauma? Weka handeli ya juu kidogo, watakaocheka wacheke, mgongo ni wako.

Macho kapime. Ukitoa jicho kwenye spidomita kurudisha barabarani, kwa umri huu linachelewa kukaa sawa na kwa spidi hizo ushaenda mbali sana, ndo maana usiku mi siendi.

Tairi soma zile namba 4 za mwisho pale kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Ya zamani hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa, raba ishakauka, achana nayo.

Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, toka Jumapili asubuhi bodaboda wakiwa wachache. Vijijini spidi mwisho 50, na kwenye tuta funga breki kabla, achia, ndo upande. Njiani, pale Boma Ng'ombe, shuka ujinyooshe, kunywa maji.